Oli inapanda nikiwa nimesimama, nikitembea mguu unakimbia. Na kwa nini waligonga mbao wakati nimeanguka?

Mguu_wa_Nyuma:

Habari zenu wakuu. Nina miaka 31 na nina miezi minne tangu nianze skeitibodi, kwa hiyo mnisamehe kama nauliza kitu mlishakijibu zamani. Kusukuma naweza, kona nakata, kushuka rampu ndogo nilishaacha kuogopa. Kinachonishinda ni oli, yaani kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono. Nikiwa nimesimama kwenye nyasi ubao unapanda vizuri kabisa, matairi yote manne yanaachia chini, ila nikihamia kwenye sakafu ngumu na ubao unatembea basi mguu wa mbele unakataa. Kichwa kinasema ruka, mguu unatoka pembeni unakanyaga chini, ubao unaenda zake. Ugoko wa kushoto nimejigonga mpaka pametokea kinundu ambacho hakiondoki.

Sasa jumamosi iliyopita nilikuwa skeitipaki najaribu kuruka fimbo tu, imelazwa chini, unene wake kama kidole gumba. Nimejaribu sijui mara arobaini. Kuna moja nikasema hii siitoi miguu hata iweje, nikapiga mkia, yaani ncha ya nyuma ya ubao, miguu yote miwili ikarudi juu ya ubao, tairi la nyuma likakwama kwenye fimbo nikaenda chini kwa ubavu. Yaani sikuipata. Nipo pale chini nasikia ko ko ko ko, nainua kichwa nakuta watu kama sita ambao sijawahi hata kusalimiana nao wanagonga mikia ya mbao zao sakafuni, mmoja ni mtoto wa kama miaka kumi na mbili, wote wananiangalia mimi. Na nyuso zao hazikuwa za kunicheka, hilo nina uhakika nalo. Mara zote zile ambazo sikuanguka hakuna aliyegonga kitu.

Halafu jamaa mmoja mtu mzima akaja kuninyanyua akaniambia "hii sio michezo, ukianza kuichukulia kama michezo utaacha". Na wakati huohuo kuna kocha anafundisha watoto palepale anasema ni mchezo wa Olimpiki kabisa, una majaji na pointi, na kama nataka kupanda niweke ratiba, nijirekodi, nihesabu majaribio. Wote wawili nawaheshimu. Naomba mnisaidie hiyo oli, na mniambie walichokuwa wananigongea ni nini hasa, maana tangu siku hiyo nawaza hilo kuliko hata oli yenyewe.

TrakiLegevu:

Mkuu karibu sana. Mimi nitajibu la oli, hilo lingine wapo wanaolijua kuliko mimi.

Kwanza toa kichwani wazo kwamba unaruka halafu ubao unakufuata. Ubao haujafungwa mguuni. Kinachotokea ni hivi, unapiga mkia kwa kifundo, pigo fupi, mkia unagonga sakafu na pua, ncha ya mbele, inanyanyuka, ubao wote unakuwa umezunguka juu ya ekseli ya nyuma, mkia ukishagonga unadunda, na kufikia hapo mguu wa nyuma lazima uwe umeshaondoka la sivyo umeukandamiza mwenyewe. Hapo ubao umesimama kama ngazi iliyoegemezwa. Sasa mguu wa mbele unalaza kiatu kwa ubavu, upande wa kidole kidogo, unakisugua juu ya ule msasa uliobandikwa kwenye ubao kuelekea kwenye pua, ule msuguano ndio unaobeba ubao. Kiatu kikifika puani unaisukuma mbele kidogo na hapo ndipo mkia unapanda na ubao unakaa sawa hewani. Mtu akiangalia kwa macho anaona mtu karuka na ubao, lakini ukiirudia video polepole utaona ni pigo, mdundo na msuguano, vitu vitatu, na kila kimoja kina zamu yake.

Na ndio maana nyasi imekudanganya. Kwenye nyasi mkia haugongi, unazama, kwa hiyo miezi minne umejifundisha kukandamiza mkia na kuuvuta ubao kwa magoti. Pia matairi hayazunguki kwa hiyo hofu inalala. Ukihamia kwenye sakafu unaamsha vyote viwili siku moja. Acha nyasi kabisa. Fanya kwenye sakafu laini, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu tu, na usiweke fimbo wala kitu chochote, tafuta mstari uliochorwa chini au ule ufa wa kati ya vipande vya saruji, ruka huo.

Na jua hili, wewe na ubao mko kwenye mwendo mmoja. Ukiruka kwenda juu moja kwa moja ubao utakuwa chini yako bado, haukukimbii. Unaoona unakukimbia ni kwa sababu umeegemea nyuma kwa woga, uzito umeenda kwenye kisigino cha nyuma, ukipiga mkia unausukuma ubao mbele kama sabuni iliyokanyagwa. Mabega yaende sambamba na ubao, bega la mbele lisifunguke. Wengi mguu unatoka kwa sababu bega lilishatoka kwanza.

Vifaa hujasema. Ubao ni wa upana gani, matairi laini au magumu? Kama uliuziwa yale matairi makubwa laini ya kusafiria ya 78A (hiyo ni namba ya ugumu, ikipanda tairi ni gumu zaidi), yanatuliza safari lakini ni mazito na ubao unakaa juu mno, wanaofanya triki wengi wako kwenye 99A na kuendelea, kipenyo milimita 50 mpaka 54. Ubao wa inchi 8 mpaka 8.25 kwa mtu mzima uko sawa tu. Angalia na nati ya kingipini, ile bolti ya katikati ya traki, chuma kinachobeba matairi, wanaoanza wanaikaza mpaka bushi, zile raba zake, zinapasuka wakidhani ndio usalama, matokeo yake traki hairudi katikati yenyewe na ukitua ukiwa umepinda kidogo inakutupa. Legeza robo mzunguko, panda, sikiliza, legeza tena. Na usije ukauziwa beringi kwa sababu imeandikwa ABEC namba kubwa, ile namba inapima usahihi wa kuzunguka, haipimi kipigo cha pembeni ambacho ndicho tunachozipa sisi kila siku.

Mwisho nakuomba kitu kimoja. Chukua kiatu chako cha kushoto ukiangalie, uje utuambie kimekwaruzika wapi. Kiatu kitasema ukweli kuliko video.

Mguu_wa_Nyuma:

Asante sana mkuu. Nimekiangalia sasa hivi. Cha kushoto kimechakaa mbele kabisa kwenye ncha, pembeni ni kipya. Matairi ni 99A, ubao 8.25, nati niliikaza mpaka spana ikakataa.

TrakiLegevu:

Basi jibu tumelipata. Husugui, unanyanyua. Ncha inachakaa kwa sababu unaukokota ubao na vidole. Ukianza kufanya sawa utaona alama mpya upande wa kidole kidogo, kama sarafu hivi. Hiyo alama ndiyo unayoitafuta kwa sasa, usitafute urefu.

Mama_Rampu:

Mdogo wangu nimesoma mpaka nimesisimka. Mimi niko kwenye ubao mwaka wa 19 huu na bado nikisikia mikia inagongwa chini nageuka.

Ule mgongano wa mbao na sakafu ndio makofi yetu. Kwenye bakuli, lile shimo la saruji la kuskeitia, wengine wanagonga ubao kwenye ile kingo ya chuma juu, kelele inazunguka bakuli lote. Lakini hayagongwi kwa sababu triki ni kubwa. Mtu wa viwango vya juu akipita pale na kikflipi, triki ya kuuzungusha ubao hewani, ambayo anaipata akiwa usingizini hakuna anayeshtuka. Kinachogongewa ni ile sekunde ambayo mtu aliyekuwa anatoa miguu anaacha kutoa miguu. Wewe mara arobaini ulikuwa unaruka ukiwa umeshaamua kuteremka. Ile moja uliamua kubaki. Wote waliokuwa pale wamewahi kusimama mbele ya kitu chao na kutoa miguu, hivyo walichokiona wanakijua kwa mwili, na ndio maana hata yule mtoto aligonga. Kwake wewe sio mtu mzima anayejifunza, wewe ni mtu aliyejitoa.

Kama unadhani hayo ni mambo ya mitaani tu, tafuta fainali ya wanawake ya park, skeiti ya kwenye bakuli, Olimpiki ya Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021. Misugu Okamoto wa Japani alikuwa anapewa nafasi kubwa kuliko wote. Akafika kwenye raundi ya mwisho akaanguka, akamaliza wa nne, anatoka kwenye bakuli analia. Wapinzani wake, watu waliokuwa wanagombea naye medali dakika moja iliyopita, wakamfuata wakambeba juu mabegani. Hakuna aliyewapangia. Nilikuwa naangalia na binti yangu, mimi machozi, yeye ananiuliza mama mbona unalia wakati ameshindwa, nikakosa pa kuanzia.

Sasa michezo au sio michezo? Mimi sioni kwa nini uchague. Mashindano tumekuwa nayo siku zote, hata ule wa herufi tunaocheza pale sakafuni, mtu anafanya triki, wenzake wote lazima waifanye, ukishindwa unapewa herufi, neno SKATE likikamilika umetoka. Hakuna jaji, hakuna saa, na watu wanacheza kwa nguvu zote. Tofauti ni kwamba mwenzako akiipata triki iliyokutoa unafurahi kweli, maana sasa umeiona inawezekana.

Ila usifike mahali pa kudharau Olimpiki. Mimi nilianza wakati msichana pale uwanjani ni mmoja, na ukifika wanafikiri unamsubiri mtu. Wanawake walikuwepo tangu mwanzo, Patti McGee alitokea kwenye jalada la jarida la Life mwaka 1965 akiwa kichwa chini miguu juu mikono kwenye ubao, Peggy Oki alikuwa kwenye timu ya Zephyr ya California miaka ya 70, Elissa Steamer akaja kuwa mskeita wa kulipwa wakati karibu hakuna mwanamke mwingine anayelipwa kwa kazi hiyo. Lakini walikuwa wanaonekana mmojammoja. Halafu Tokyo dunia nzima ikaona jukwaa la wanawake la street, skeiti ya ngazi na reli, Momiji Nishiya dhahabu miaka 13, Rayssa Leal fedha miaka 13. Kwenye park Kokona Hiraki akachukua fedha akiwa na miaka 12. Baada ya hapo wasichana wanaokuja na helmeti mkononi kuniuliza waanzie wapi nimeshindwa kuwahesabu. Hilo silitupi kwa sababu ya mtu kusema pointi zinaharibu.

Na kwa miaka yako 31, jifunze kuanguka kabla hujaongeza urefu. Usinyooshe mkono kuzuia chini, mimi nilivunja kifundo cha mkono hivyohivyo kwa kuanguka kwa kijinga kabisa, nikiwa nimesimama, jiwe dogo limekaba tairi, nikakaa nje wiki nane. Kunja magoti, chuchumaa ukiwa unaenda chini, ubiringike kwa bega na mgongo wa juu. Jizoeze kwenye nyasi, hapo ndipo nyasi ina kazi. Pedi za vifundo vaa, helmeti vaa, na yeyote akikuangalia vibaya kwa hilo mwache.

Mzee_wa_Kingo:

Mimi sio yule aliyekunyanyua lakini ningekuambia maneno yaleyale, kwa hiyo ngoja nimsaidie kuyaeleza.

Mdogo wangu, mchezo unakuja na uwanja wake. Mpira una magoli na mistari, kikapu kina kikapu. Skeiti haikuzaliwa na uwanja. Ilianza California miaka ya 50, watu wa kupanda mawimbi bahari ikiwa imelala walichukua matairi ya viatu vya magurudumu wakayapigilia kwenye ubao, wakawa wanapanda barabara kama mawimbi. Matairi yalikuwa ya chuma, baadaye ya udongo mgumu, kijiwe kimoja tu na uko chini, miaka ya 60 ikavuma ikafa. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Frank Nasworthy akaleta matairi ya yurethani, plastiki inayoshika chini, na hapo ndipo ukaweza kuinama kwenye kona na tairi lisikuachie. Halafu ukaja ukame California 1976 na 1977, mabwawa ya kuogelea nyuma ya nyumba za watu yakabaki makavu. Wengine waliona bwawa halina maji. Kina Tony Alva na Jay Adams, vijana wa ile timu ya Zephyr, wakaona wimbi la saruji ambalo halivunjiki. Wakaingia. Bakuli zote unazoziona kwenye skeitipaki leo, hata zile za Olimpiki, zinaiga bwawa ambalo mtu aliruka ukuta ili alipande.

Hiyo oli unayoitafuta nayo ina historia hiyohiyo. Alan Gelfand wa Florida, jina la utani Ollie, mwishoni mwa miaka ya 70 aliigundua kwenye kuta za bakuli, akawa anapaa bila kushika ubao kwa mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Rodney Mullen, naye wa Florida, akaishusha kwenye sakafu bapa, na hapo ndipo dunia nzima ikafunguka. Maana ukishaweza kuruka kwenye sakafu bapa, ngazi inakuwa kitu cha kuruka, benchi linakuwa kitu cha kuteleza, reli ya mkono hivyohivyo. Mji wote umegeuka. Mimi nikipita mahali naangalia sakafu kwanza kabla ya watu, nasikia kama ni laini kwa mlio wa matairi, nikiona kingo ya marumaru ina weusi wa nta najua wenzangu wamepita hapa. Mke wangu ameshazoea, tukitembea anajua nikinyamaza ghafla nimeona ngazi.

Na kwa sababu hiyo tumefukuzwa sana. Norway walipiga marufuku skeitibodi yenyewe kuanzia 1978 mpaka 1989, nchi nzima, watu wakajenga rampu msituni wakajificha. Philadelphia kulikuwa na LOVE Park, uwanja wa mawe na ngazi ambazo kila mtu duniani alikuwa anazijua kwa video, mji ukawazuia waskeita. Edmund Bacon, mpangaji miji aliyeuwaza uwanja ule, mwaka 2002 akiwa na miaka 92 akaenda pale na helmeti kichwani akapanda ubao huku watu wamemshika, kupinga uamuzi ule. Mzee wa miaka 92. London chini ya jengo la sanaa la Southbank watu wanaskeiti tangu miaka ya 70, 2013 ukaletwa mpango wa kuwahamisha, wakakataa, wakakusanya sahihi, wakabaki na wapo mpaka leo. Portland mwaka 1990 watu walianza kumwaga saruji wenyewe chini ya daraja la Burnside bila kibali, na mji baadaye ukakubali pabaki.

Sasa niambie ni mchezo gani mtu anapigania mahali pake namna hiyo. Ndio maana nasikia shida mtu akikuambia uhesabu majaribio. Ukianza kuhesabu, siku ya majaribio mia bila kitu utaiita siku mbaya. Mimi siku zangu nyingi nzuri sikupata kitu. Kuna kikflipi kwenye kingo moja nilienda nayo majira mawili ya mvua, kila kukikauka naenda. Siku niliyoipata nilikuwa peke yangu, hakuna kamera wala mtu, na nikakaa juu ya ubao pale mpaka giza.

Kocha_Sekunde45:

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu na historia umeitoa vizuri sana, lakini kwa sababu makocha tumetajwa naomba niseme upande wangu.

Ratiba siwapi watoto ili wawe mashine. Nawapa kwa sababu mtoto anayejaribu kitu kilekile mara mia akiwa amechoka anaumia, na anayerekodiwa anaona kosa lake kwa jaribio la tano badala ya la hamsini. Aliyeuliza hapa juu alifanya miezi minne kwenye nyasi kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia. Hiyo miezi minne ni ugoko wake.

Halafu mtu akisema majaji hawajui kuanguka, aangalie kanuni zenyewe. Street ya wanaume Paris 2024: raundi mbili za sekunde 45, inahesabiwa moja iliyo bora. Halafu triki moja moja mara tano, zinahesabiwa mbili tu. Tatu unaweza kuanguka zote na bado ukawa bingwa wa Olimpiki. Kanuni yenyewe imeacha nafasi ya kushindwa mara tatu kati ya tano. Na hicho ndicho kilichotokea kwa Yuto Horigome wa Japani, anaingia jaribio la mwisho yuko nje kabisa ya medali, ameshaanguka, wengine wangechagua triki salama wapate chochote, yeye akarudi na ileile ngumu. Akatua. 97.08. Jumla 281.14, Jagger Eaton wa Marekani 281.04. Sehemu moja ya kumi. Na Eaton mwenyewe angalieni alivyompokea.

Kile kilichotokea pale kwenye fimbo ya huyu ndugu na kilichotokea Place de la Concorde, uwanja wa Paris walikoshindania, naviona ni kitu kimoja. Walioandika kanuni ni watu waliowahi kugonga mkia chini.

Mzee_wa_Kingo:

Marahaba kijana wangu. La nyasi umeniweza, nakubali, mwenye kuonyeshwa njia haumii bure. La Olimpiki mimi bado. Horigome namheshimu na ile triki nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini 97.08 imetoka wapi? Triki ile ikifanywa na mtu usiku kwenye kingo mbovu yenye ufa, mlinzi anakuja, amebakiwa na jaribio moja kabla hajafukuzwa, ni ngapi? Sisi tunapima na mahali pia. Nani aliwahi kuifanya pale, sakafu ikoje, kasi inatoka wapi. Uwanja uliojengwa kwa muda na kubomolewa hauna hayo. Sisemi usifundishe, fundisha. Ila siku moja kwa wiki watoe hao watoto nje ya skeitipaki uwaache waangalie.

Kocha_Sekunde45:

Hilo nimelichukua mzee. Nitafanya.

Mama_Rampu:

Na mkienda mniite.

Mguu_wa_Nyuma:

Wakuu nimerudi, wiki ya tatu hii. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nije na kitu.

Nati nimelegeza mizunguko karibu miwili kamili, siku ya kwanza nilihisi nimepanda ubao wa mtu mwingine, sasa hivi siwezi kurudi. Nyasi niliacha siku ileile. Nimekuwa naenda asubuhi kabla watu hawajajaa, pale kuna mstari wa njano umechorwa sakafuni, naruka huo tu. Wiki ya kwanza mguu uliendelea kutoka vilevile. Nikawa nimemkumbuka dada Mama_Rampu alivyosema kwamba nilikuwa nimeshaamua kuteremka kabla sijaruka, nikaanza kujichunguza, na ni kweli kabisa, nilikuwa nafungua bega la mbele hata kabla sijagusa mkia. Mwili ulishaondoka zamani. Nikawa sifikirii miguu tena, nashikilia bega tu, nalitazama liko sawa na pua ya ubao.

Alhamisi ikaja. Mwendo mdogo, bega limefungwa, nikapiga, nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia chini ya miguu yangu mwenyewe, ule TAK mkavu mfupi, wa nyasi haupo hivyo, halafu kimya kidogo, halafu matairi manne yanagusa kwa pamoja na ubao unaendelea kwenda. Ile sauti ya kuendelea kwenda ndiyo iliyonishtua, nilikuwa nimezoea kila mara ikifika hapo ubao unaenda peke yake. Mstari uko nyuma yangu. Nimeipata kama mara kumi na moja mpaka leo, juu kidogo tu, fimbo bado sijaigusa, nitaigusa.

Wala sikumwona mtu wa kugonga, palikuwa hakuna mtu. Nikamwelewa mzee hapo.

Mkuu TrakiLegevu, kiatu cha kushoto: alama imetokea, upande wa kidole kidogo, ukubwa wa sarafu kama ulivyosema, ngozi ya juu imeshatoka unaona kitambaa. Shida ni kwamba kamba zinakatika, nimeshakata jozi ya pili, zinakatika palepale kwenye tundu la tatu na la nne ubavuni. Mnafanyaje hapo?

TrakiLegevu:

Hongera sana mkuu, nimesoma hiyo TAK nikatabasamu mwenyewe. Kamba ruka hayo matundu mawili upande wa nje, usiyapitishe kabisa, kamba ikae upande wa ndani isikutane na msasa. Na hiyo sehemu iliyotoka paka gundi ya viatu tabaka nyembamba sasa hivi kabla haijawa tundu, ikauke usiku mzima. Ukichelewa utakuwa unasugua na soksi.